Hotuba ya Mwenyekiti: Tupime Kwanza, Tuchimbe Baadaye

  

Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu, kila mmoja kwa imani yake, kwa kutufikisha miaka kumi. Mwaka 2015 tulianza akina mama 22 chini ya mkwaju pale kwenye njia panda. Tulikuwa na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, na hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Wapo waliotucheka. Walisema wanawake wakikaa pamoja miezi sita watagombana na sanduku litabaki la kuwekea unga. Leo hii tuko 58, na sanduku bado lina pesa, si unga.

Habari za hisa, mikopo, riba na gawio sitazisema hapa, kwani mweka hazina ameziandika vizuri katika kurasa zinazofuata, na yeye anajua hesabu kuniliko mimi. Mimi nimeombwa niseme juu ya maji. Na nimekubali kwa sababu lipo jambo zito mbele yetu. Mwezi ujao mkutano mkuu utaamua Mfuko wetu wa Maji utumike vipi. Mawazo ni mawili, na yote ni ya watu wenye nia njema. Wako wanaosema tuchimbe kisima kirefu cha pili mara moja, pale pale karibu na kile cha kwanza. Wako wanaosema tupime kwanza mwaka mzima, halafu tuchimbe mahali pengine. Mimi niko upande wa pili, na leo nitaeleza kwa nini. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini kuhesabu ndoo na kusoma tepu hakuhitaji chuo kikuu, kama mtakavyosikia.

Ndugu zangu, kwanza tujue tunaishi juu ya nini. Hapa kwetu Dodoma chini ya mashamba yetu upo mwamba. Ni mwamba mkongwe sana, ule mgumu wa itale na ndugu zake, ambao mnauona umechomoza pale mlimani. Jiwe lenyewe halina maji. Chukua kipande chake, kipasue katikati, ndani ni kikavu kama kigae. Maji yamekaa mahali pawili tu. Mahali pa kwanza ni kwenye mwamba uliooza, ile changarawe na udongo wa rangirangi unaoukuta ukichimba choo. Pale maji hukaa kama kwenye sifongo, lakini sifongo lenyewe kwetu ni jembamba, na likifika mwezi wa tisa limekwisha kukamuliwa. Mahali pa pili ni kwenye nyufa za mwamba wenyewe. Ardhi yetu imevutwa na kusukumwa tangu zamani za zamani, mwamba ukapasuka, na nyufa nyingine zina urefu wa maili nzima. Ndani ya ufa kama huo maji hutembea, na mara nyingi hukaa hata kiangazi.

Basi kuchimba kisima katika nchi ya mwamba ni kutafuta ufa. Ukiukosa kwa hatua kumi umeukosa kabisa, hata ukienda chini mpaka mfuko wako uishe. Sisi tumeliona kwa macho. Mwaka 2016 ulikuja mradi hapa kijijini. Mahali palichaguliwa karibu na ofisi kwa kuwa gari la mashine lilifika kirahisi na kwa kuwa wageni wangepaona. Walichimba mita 80 za jiwe zima. Lilitoka vumbi tu, mchana kutwa, mpaka nguo zilizoanikwa zikawa nyeupe. Mchimbaji alilipwa kwa mita, siyo kwa maji, akafunga vyombo vyake akaenda zake. Bomba lile la chuma lililofunikwa mnaliona mpaka leo. Watoto hulitumia kama goli.

Baada ya pale ndipo kikundi chetu kilipoanza kujiuliza. Akina mama ndio tunaoamka saa tisa za usiku kwenda kupanga foleni ya madumu. Akina mama ndio tunaojua kisima kipi kinakauka mwezi gani na chemchemi ipi haikauki. Lakini ujuzi wetu ulikuwa wa mdomo. Huyu anasema chemchemi ya Juu ilipungua sana mwaka ule, yule anasema haikupungua. Fundi Sanifu wa Maji alipotutembelea mwaka 2018 alituambia neno moja: "Mama, ninyi mna habari ninazozihitaji, ila hamjaziandika." Tukanunua daftari.

Sasa nieleze tulivyofanya, kwa sababu vikundi vya vijiji jirani vimetuuliza, na kitabu hiki kitawafikia.

Kwanza, tuliorodhesha maji yote ya kijiji. Tulikuwa na chemchemi tatu, yaani ya Juu, ya Mikuyu na ya Ng'ombe, pamoja na visima vitano vya kuchimba kwa mikono. Kila kimoja tukakipa namba na kupaka namba hiyo rangi juu ya jiwe.

Pili, tukapanga zamu. Kila Jumamosi alfajiri, kabla mtu yeyote hajateka, akina mama wawili hupita na daftari. Lazima iwe kabla ya kuteka, kwani kisima kilichotekwa usiku kucha kitakudanganya. Asiyefika zamu yake faini shilingi 500, na mimi mwenyekiti sisamehewi.

Tatu, kipimo cha chemchemi. Tulitengeneza kizuizi kidogo cha udongo wa mfinyanzi, tukapitisha bomba la plastiki, maji yote yakawa yanatokea hapo. Unakinga ndoo ya lita 20 na kuangalia saa ya simu inajaa kwa sekunde ngapi. Unarudia mara tatu na kuchukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kila sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Hesabu hii hata mjukuu wangu wa darasa la tano anaiweza.

Nne, kipimo cha kisima. Tulichukua tepu ya fundi, tukafunga timazi mwishoni, na kupaka chaki hatua ya mwisho ya tepu. Unashusha taratibu mpaka timazi liguse maji, unavuta, na chaki iliyolowa inakuonyesha maji yalipoishia. Siku zote unapimia mahali pale pale pa ukingo, penye alama ya rangi. Ukipima leo huku na kesho kule, daftari litajaa uongo.

Tano, mvua. Walimu wa shule ya msingi walikubali kuandika mvua ya kila siku, na wanafunzi wakajifunza humo humo. Fundi Sanifu naye alituazima kipimajoto cha maji na kile kidude kinachopima chumvi kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme.

Jamani, mwezi wa kwanza ilionekana kama mchezo. Mwezi wa sita wengine walichoka. Lakini baada ya masika moja na kiangazi kimoja daftari likaanza kusema, na baada ya mwaka wa pili likasema kwa sauti.

Likasema hivi. Chemchemi ya Ng'ombe mvua ikinyesha leo, kesho kutwa imejaa, maji yake yana tope, joto lake linafuata hali ya hewa, na mwezi wa saba imebaki unyevunyevu. Hayo ni maji ya mvua yanayopita chini ya udongo wa juu tu. Yanakuja mbio na kuondoka mbio. Chemchemi ya Juu na ile ya Mikuyu zina tabia nyingine. Mvua ya kwanza haikuzishtua. Zilianza kupanda wiki kadhaa baadaye, taratibu, zikashuka taratibu, na mwezi wa kumi na moja, wakati mbuzi wanakula karatasi, bado zilikuwa zinatiririka. Joto lake halikubadilika sana, iwe baridi ya Julai au jua la Oktoba. Na chumvi ya chemchemi zote mbili ilikaribiana sana, ingawa ziko mbali, kama watoto wa mama mmoja. Maji ya namna hiyo yametoka ndani, mahali ambapo jua na baridi ya juu havifiki.

Na visima je? Vitatu kati ya vitano vilipanda haraka na kukauka mapema. Viwili havikukauka. Mwalimu wa jiografia alituchorea ramani ya kijiji kwenye karatasi ya manila. Tukaweka punje ya mahindi kwenye chemchemi ya Juu, nyingine kwenye Mikuyu, na nyingine kwenye vile visima viwili. Punje zikakaa kwenye mstari mmoja. Tukachukua rula, tukaurefusha mstari ule, ukapita kwenye ule mkuyu mmoja uliosimama peke yake uwandani, mahali pasipo na korongo wala kijito. Watu wazima walikuwa wanasema mti ule una mwenyewe. Labda anaye, lakini mizizi yake pia imefika kwenye maji.

Hapo tukamwita Fundi Sanifu. Naye akatuonyesha picha ya kijiji iliyopigwa kutoka juu, na mstari ule ule ukaonekana humo, mwembamba, wa kijani. Halafu wakaja wapimaji na nyaya zao. Wanachomeka vyuma ardhini, wanapitisha umeme kidogo, na kusoma ardhi inaukataa kiasi gani. Jiwe kavu linaukataa umeme sana, ufa wenye maji unaupitisha. Nyaya walizipitisha kukatiza mstari wetu, siyo kuufuata, ili waone ufa unaanzia wapi na unaishia wapi. Mahali pamoja kipimo kilishuka ghafla.

Lakini sikilizeni hili, kwani ni muhimu kwa uamuzi wetu. Fundi alituambia kwamba kipimo cha umeme peke yake hakitoshi. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, na maji ya chumvi vilevile, kwa hiyo mashine inaweza kukuonyesha penye matope ukadhani ni maji. Kilichompa imani ni kwamba mashine na daftari zilisema neno moja. Ni kama baraza la wazee. Shahidi mmoja unamsikiliza, na mashahidi wawili ambao hawakuonana unaamua. Wako pia wenzetu wanaotafuta maji kwa kijiti chenye panda. Sisi hatukumtukana mtu. Tuliwaambia, mahali mnapoonyesha paandikwe kwenye daftari, tuone.

Mwaka 2020 mashine ikaja. Kikundi kilitoa gharama za upimaji na sehemu ya mchango wa wananchi, serikali na wahisani wakatoa kubwa zaidi, na tunawashukuru. Kigingi hakikuwekwa juu ya mstari wenyewe. Fundi alikisogeza hatua kadhaa upande mmoja, kwani ufa hausimami wima kama ukuta wa nyumba. Huwa umeinama, na inabidi ukutane nao chini kule unakokwenda. Lilitoka vumbi mpaka mita ya 38. Kisha vipande vya mawe vikaanza kutoka vyekundu vyekundu kama kutu. Fundi akasema, mama, hiyo kutu ni alama kwamba maji yamepita hapa miaka mingi. Mita ya 41 maji yakatoka. Mita ya 57 yakaongezeka. Siku ile wako waliolia, nami nilikuwa miongoni mwao, wala sioni aibu kusema.

Maji yalipimwa maabara kabla ya mtu kunywa. Mnajua mikoa yetu ya kati na kaskazini ina tatizo la madini ya floridi, yanayoharibu meno ya watoto na hata mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kisima chetu kilikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo akina mama wa vijiji vingine, msifurahie maji kabla ya karatasi ya maabara.

Sasa nafika kwenye kiini cha hotuba yangu.

Kisima kilipomalizika kilijaribiwa kwa pampu saa 24 mfululizo. Mafundi walikaa kwenye kisima wakipima maji yanashuka kiasi gani. Sisi akina mama wanne tulikwenda kukaa kwenye chemchemi ya Mikuyu na ndoo yetu, kila nusu saa tunapima, usiku kucha, na moto wetu na uji wetu. Jioni ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Saa sita za usiku bado 40. Kabla ya alfajiri 47. Saa tatu asubuhi 55. Pampu ilipozimwa, chemchemi ilirudi pole pole, na jioni ya siku ya pili ikawa 40 tena. Chemchemi ya Juu haikutikisika. Daftari la usiku ule lipo, yeyote anaweza kulisoma.

Maana yake ni nini? Maana yake kisima kile na chemchemi ya Mikuyu vinakunywa kwenye ufa mmoja. Ukivuta huku, kule kunapungua. Na Mikuyu ndiyo inayonywesha kitongoji cha bondeni, na mifugo yao, na bustani zao za mchicha. Ndiyo maana chombo chetu cha watumia maji kilikubaliana na kikundi kwamba pampu iendeshwe saa nane tu kwa siku, na kwamba ndoo ya Mikuyu ikizidi sekunde 90, saa za pampu zipunguzwe. Kanuni hiyo imetulinda mpaka leo. Hakuna aliyepigana kwa ajili ya maji, kwa sababu ndoo na saa havina upendeleo.

Kwa hiyo, mama zangu, mkiniambia tuchimbe kisima cha pili hatua 60 kutoka cha kwanza, kwa kuwa pale maji yana uhakika, mimi nasema kweli, maji yapo. Lakini ni maji yale yale. Kisima cha pili kwenye ufa ule ule si sanduku la pili, ni ufunguo wa pili wa sanduku lile lile. Tutafurahi msimu mmoja, tutamwagilia zabibu, tutauza maji kwa madumu, na wa bondeni wataamka asubuhi moja wakute Mikuyu inadondoka tone tone. Siku hiyo tutawaambia nini? Wengi wao ni wanakikundi humu humu.

Tena sanduku lenyewe halijazwi kila mwaka. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa habari hii inatoka mkoani kwetu. Kule Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, ndiko kuliko visima vinavyolisha jiji tangu zamani. Wataalamu wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji pale tangu miaka ya 1950. Vizazi vya watu wameshusha tepu kama sisi, wakaandika. Mwaka 2013 wanasayansi, akiwamo Richard Taylor wa chuo kikuu kimoja cha London na wenzake Watanzania kama Lister Kongola, walitoa kwa dunia hesabu ya miaka 55 ya vipimo hivyo. Waliona nini? Waliona kwamba miaka mingi maji ya chini yanashuka tu, hata mvua ikinyesha ya kawaida. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa, na maji yanapanda kwa mara moja. Misimu saba tu ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya maji yote yaliyoingia chini katika miaka ile 55. Na mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa El Niño, mwaka 1997 kuingia 1998. Wakubwa mnaukumbuka, barabara zilivyokatika na nyumba za tembe zilivyoanguka. Kumbe wakati sisi tunalia juu, chini palikuwa panajazwa.

Makutupora si kijijini kwetu, na ardhi yake ina mchanga mwingi kuliko yetu. Lakini mvua yetu ni ile ile moja, ya Desemba mpaka Aprili, na jua letu ni lile lile. Fikirini mwanachama anayeleta hisa mara moja kwa miaka saba au nane, tena analeta nyingi kwa siku moja, lakini kila siku anakuja kukopa. Mwanachama huyo utampa mikopo miwili kwa pamoja? Mweka hazina wetu atazimia!

Sitaki kuwadharau wanaotaka tuchimbe sasa. Wana hoja, na nyingine ni nzito. Wanasema pesa ikikaa thamani inashuka, na ni kweli. Wanasema bei ya zabibu ni nzuri kwa mwenye maji, na ni kweli. Na dada zetu wa kitongoji cha magharibi wanasema wamechoka kutembea zaidi ya saa nzima na dumu kichwani wakati sisi wa huku tunafungua bomba. Hiyo ndiyo kweli inayoniuma kuliko zote. Lakini kisima cha pili karibu na cha kwanza hakitawafupishia njia hata hatua moja. Watatembea saa ile ile, ila sasa watakuta mabomba mawili.

Mapendekezo yangu kwa mkutano mkuu ni haya.

La kwanza, tufungue daftari jipya la upande wa magharibi, kuanzia mwezi wa Novemba huu kabla ya mvua, kwa miezi kumi na miwili kamili, ili tuone masika nzima na kiangazi kizima. Kule viko visima viwili vya kienyeji, na lile korongo la mchanga ambalo ukifukua mahali fulani unapata maji hata mwezi wa tisa, na ukifukua hatua mia chini yake hupati kitu. Pia iko safu ya vichuguu inayokwenda kama imepangwa. Huenda ni ufa mwingine. Huenda si ufa. Vichuguu peke yake si ushahidi wa kutoa pesa ya watu 58, na ndiyo maana nasema tupime.

La pili, gharama ya wapimaji wa umeme itengwe sasa hivi, isiguswe. Pesa inayobaki ya Mfuko wa Maji iendelee kukopeshwa wanachama kama kawaida na kurudi na riba yake. Hivyo haitalala.

La tatu, tujenge tangi kwenye kisima cha kwanza. Pampu itavuta kwa saa zile zile nane, lakini maji yatakaa tayari, na foleni ya usiku itapungua. Tangi halivuti ufa hata kidogo.

La nne, tulinde mahali maji yanapoingilia. Ufa unaoleta maji haraka huleta na uchafu haraka, kwani jiwe halichuji kama mchanga. Choo, zizi na dawa za zabibu vikiwa juu ya mstari wetu, tutavinywa. Namwomba Mwenyekiti wa Kijiji sheria ndogo ya eneo la juu ya chemchemi ya Juu ipitishwe mwaka huu, na vijana wachimbe matuta ya kukinga maji ya mvua pale mteremkoni. Nakumbusha pia kwamba kisima hakichimbwi kwa sababu tuna pesa tu. Tangu sheria ya mwaka 2009 ya rasilimali za maji, kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa upande wetu ni Bonde la Wami/Ruvu. Tukienda na daftari la mwaka mzima tutasikilizwa vizuri zaidi kuliko tukienda na maneno matupu.

La tano, kila zamu ya kupima sasa iwe na mama mmoja na msichana mmoja wa shule. Macho yangu yameanza kushindwa kusoma namba za tepu. Makutupora wamepima zaidi ya miaka sitini kwa sababu aliyechoka alimpa mwingine tepu.

Na kwa dada zetu wa magharibi nasema hivi mbele ya mgeni rasmi, ili iandikwe. Kisima kirefu cha pili cha kikundi hiki kiwe chenu, popote vipimo vya upande wenu vitakapoonyesha. Na kama mwaka utaisha na vipimo vikasema hakuna ufa upande ule, basi pesa iliyotengwa itumike kuwavutia bomba kutoka kwenye tangi, kwa kiasi ambacho Mikuyu itaruhusu. Msikae mwaka mzima mkingoja ahadi isiyo na mlango wa pili.

Ndugu zangu, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumeinama miaka saba na tepu na ndoo, na kila tulichopata tulikipata kwa kuinama. Nawashukuru akina mama wa zamu ambao hawakukosa Jumamosi, hata siku za msiba na siku za harusi. Nawashukuru waume zetu waliopika chai alfajiri zile, wachache lakini wapo. Nawashukuru walimu, Fundi Sanifu, serikali ya kijiji, na wahisani wote. Madaftari saba ya vipimo yako pale mezani karibu na sanduku. Yafungueni leo, soma mwenyewe, uliza mwenyewe, halafu mwezi ujao njoo unyooshe mkono kwa kitu unachokijua.